Ndege gani hawa kwenye mwembe wangu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Mikindani, Mtwara. Kwenye mwembe nyuma ya nyumba anatua ndege mdogo wa kijivu, macho mekundu, kifuani ana vistari vingi vya rangi ya kutu. Juzi tukamwona mwingine, wa kahawia, mnene kidogo, macho ya njano. Vifaranga wanne wamepotea. Programu ya simu inasema ni tai. Jirani anasema wa kijivu ni kipanga na wa kahawia ni mwewe, na ananishauri nimpake sumu kifaranga aliyekufa nimwache uani. Ni ndege gani hawa?

JIBU: Marahaba. Wa kijivu, kwa ulivyomweleza, ni kipanga mdogo aitwaye shikra. Wa kahawia nina hakika kiasi kwamba ni shikra vilevile, ila bado mchanga.

Watu wote huanza na rangi, na rangi ndiyo inayowapoteza. Shikra mchanga ni wa kahawia, kifua kina michirizi na madoa, macho ni ya njano. Akikomaa anageuka kijivu na macho yanakolea. Ukubwa nao unadanganya: kwa vipanga jike humzidi dume, kwa hiyo mke na mume wakitua tawi moja utaapa ni ndege wawili tofauti. Hata mwewe, ambaye watu hudai kumjua kwa mdomo wa njano, akiwa mchanga mdomo wake ni mweusi.

Tazama umbo na anachokifanya. Mwewe ana mkia wenye panda, anaupindapinda angani kama usukani, na hupenda kuzunguka juu ya jalala na soko la samaki. Shikra ana mabawa mafupi ya duara na mkia mrefu; hujibanza ndani ya majani, kisha huchomoka. Ukiona mweupe mwenye mabega meusi, anapigapiga mabawa mahali pamoja juu ya mihogo, huyo anatafuta panya, mwache afanye kazi. Mwenye koo jeupe lenye mstari mmoja mweusi wa wima anakula mijusi na panzi. Yule mkubwa wa kijivu, uso mtupu wa njano, anayening'inia mnazini na kuchokonoa makuti kwa mguu, anaiba makinda ya ndege wengine. Wote hawa nimeletewa picha zao zimeandikwa "tai". Ukimpiga picha ndege dhidi ya jua la saa saba unapata kivuli tu, na programu haitakuambia kwamba inabahatisha.

Vifaranga? Shikra anaweza kumbeba wa siku chache, ingawa riziki yake kubwa ni mijusi, panzi na ndege wadogo. Kabla ya kumhukumu waulize kunguru na nguchiro. Kama wanapotea usiku, kipanga hahusiki kabisa. Wafunike kwa tenga wiki za mwanzo, na mama yao umpe chanjo ya kideri, maana kideri humaliza banda zima.

Sasa hiyo sumu. Shikra anakula anachokikamata kikiwa hai. Mzoga wenye sumu anaoushauri jirani yako hataugusa. Atakayeuokota ni mwewe, kunguru, paka, au mbwa wa nyumba ya tatu, na mtoto anayetambaa uani naye ana mikono. Hawa mabingwa wa kuuza vipakiti visivyo na lebo sokoni, "dawa ya kipanga" leo, "dawa ya panya" kesho, hawakuelezi kwamba mnyama aliyekula sumu huenda kufia kwingine, na anayemla naye anakufa. Ndivyo tumbusi wanavyoteketea: mtu anatega simba au fisi kwa mzoga wenye sumu, wanashuka kundi zima. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, hivyo kundi likifa halirudi upesi. Kuua wanyamapori kwa sumu kumekatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na hao wauzaji hawatakuwepo siku utakapohojiwa.

Huyo kifaranga aliyekufa mfukie, tena shimo liwe refu mbwa asimfukue.