Kuhusu Wingi Wetu na Umaskini Wetu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami nashukuru kwamba nyote hamjambo. Umeniuliza kama ni kweli, kama wenzako kazini wanavyodai, kwamba Tanzania ni maskini kwa sababu wanawake wa rika langu walizaa mno. Nikiwa mama yako na muuguzi mstaafu nakujibu kwamba si kweli, ingawa wenzako hawakukosea kila kitu.

Sensa ya mwaka 1967 ilituhesabu watu milioni 12.3, na ile ya 2022 ikatukuta milioni 61.7, tukiwa tumeongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka tangu sensa ya 2012, mwendo unaotosha kuifanya idadi iwe maradufu katika miaka ipatayo 22. Ardhi tunayo, kinachotuelemea ni kasi, kwa kuwa uchumi ukikua kwa asilimia tano, sehemu kubwa ya ukuaji huo huishia kwa walioongezeka kabla waliokuwapo hawajaona nafuu. Tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa mengi tunayojenga yanawakimbiza wanafunzi wanaokuja, wala hayapunguzi msongamano.

Lakini kina mama usiwalaumu. Tulizaa wengi kwa kuwa tulizika wengi. Kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano kwa hesabu ya 2004-05. Kufikia 2022 walikuwa 43. Uzazi nao umeshuka, kutoka wastani wa watoto 6.2 kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8, ijapokuwa vijijini bado ni 5.5 na mjini 3.6.

Kwenye zahanati niliyofanyia kazi, wanawake wengi waliotaka uzazi wa mpango walichagua sindano wakakataa kijiti, kwa sababu kijiti mume hukipapasa mkononi akakigundua. Wengine kadi zao walituachia tuwatunzie kabatini. Ndiyo maana hotuba za kuwahimiza wanawake wapunguze kuzaa hunichosha; mara nyingi anayehutubiwa siye mwenye uamuzi.

Wala msitarajie matokeo ya haraka. Takriban nusu ya Watanzania hawajafikisha miaka 20, hivyo hata kila mwanamke angezaa wawili tu kuanzia leo, idadi ingeendelea kupanda kwa miongo kadhaa, maana mama wa kesho wamekwisha kuzaliwa. Korea Kusini ilinufaika uzazi uliposhuka kwa sababu vijana wake walikuta elimu na viwanda vikiwasubiri. Vijana wengi wasio na kazi, hata wakiwa na ndugu wachache, bado ni mzigo kwa wazee wao.

Kuhusu wewe na mkeo kutaka watoto wawili, sina pingamizi. Nitakachouliza nikija ni kama mkwe wangu naye aliulizwa.

Mama yako