Maswali ya Wasomaji: Namba 20 Ina Bei Gani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za mashabiki wanaobishana kuhusu drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Kwa anayejua drafti ya kete tu: hapa timu 32 huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, raundi saba, siku tatu mwishoni mwa Aprili. Timu iliyofanya vibaya zaidi huanza, bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, hufunga raundi.

SWALI: Tuna namba 20, yaani zamu ya 20 ya kuchagua. Takoli wetu wa kushoto, anayemlinda kwotabeki (mrusha pasi), ana miaka 33. Nusu yetu tunasema achukuliwe takoli. Wengine wanasema achukuliwe mchezaji bora aliyebaki, hata akiwa mpokeaji wa pasi, na wapokeaji tunao watatu! Nani yuko sahihi?

JIBU: Kila upande umeshika kipande. Mezani kwa meneja mkuu wachezaji hawapangwi kwenye foleni moja kuanzia wa kwanza hadi wa mia mbili. Hupangwa kwa madaraja. Walio daraja moja huhesabiwa sawa, na ni ndani ya daraja tu ndipo mahitaji ya timu yanapewa nafasi ya kusema. Namba 20 ikifika na takoli na mpokeaji wako daraja moja, chukueni takoli bila kugombana. Kama takoli aliyebaki yuko daraja la chini, mkimchukua mtakuwa mmelipa bei ya raundi ya kwanza kwa mali ya raundi ya pili.

Halafu, “mahitaji” ni ya lini? Mashabiki wengi huangalia msimu ulioisha. Chukueni karatasi, andikeni wachezaji 22 wanaoanza, na mbele ya kila jina umri wake na mwaka ambao mkataba wake unakwisha. Hao wapokeaji watatu, ikiwa wawili mikataba yao inaisha Machi ijayo, basi mnaye mmoja. Chipukizi wengi huhitaji msimu mzima kabla ya kutulia, kwa hiyo drafti ya mwaka huu inaziba pengo la mwakani na la mwaka unaofuata. Pengo la Septemba hii huzibwa mwezi Machi kwenye soko la wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, kwa mchezaji aliyekwisha komaa.

Kuna jambo la tatu ambalo barua yenu haikuligusa, nalo ndilo zito: pesa. Tangu makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2011, mshahara wa chipukizi unafuata namba aliyochaguliwa, haufuati nafasi anayocheza. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza, alipata mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye wa kwanza, alipata kama milioni 22 kwa miaka minne. Namba 20 basi inalipwa kile kile awe takoli au mkimbiza mpira. Lakini sokoni takoli mzuri hulipwa zaidi kuliko mkimbiza mpira mzuri. Tofauti hiyo ndiyo faida ya timu, na huibakiza kwa miaka minne, mitano kwa wa raundi ya kwanza, kwa sababu timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Mwaka huo wa tano ni sababu mojawapo ya timu kupanda, yaani kubadilishana zamu na timu iliyo mbele yake, ili kuishika namba ya mwisho ya raundi ya kwanza, kama Baltimore Ravens walivyofanya mwaka 2018 wakamchukua Lamar Jackson kwa namba 32.

Mkilingana kwa daraja, basi, chagueni nafasi iliyo ghali sokoni: kwotabeki, takoli, mvamizi wa pembeni (anayemkimbilia kwotabeki), mpokeaji, konabeki (anayemkaba mpokeaji). Mpokeaji wenu naye yumo, kwa hiyo wanaomtaka hawakukosea sana.

SWALI: Tunataka kupanda kutoka namba 20 hadi 12. Mwenzangu anasema inatosha kuongeza chaguo la raundi ya tatu. Mimi nasema tutachekwa.

JIBU: Mtachekwa. Jedwali linalojulikana kuliko yote lilitengenezwa Dallas Cowboys mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za kocha Jimmy Johnson. Kila namba ina pointi zake: ya 1 ina 3,000, ya 2 ina 2,600, ya 12 ina 1,200, ya 20 ina 850, ya 32 ina 590. Kutoka 850 hadi 1,200 mnapungukiwa 350. Chaguo lenu la raundi ya pili, likiwa namba 52, lina pointi 380. Toeni namba 20 na 52, mpokee 12, na kwa zile 30 zinazozidi mnaweza kudai chaguo la raundi ya tano mrudishiwe.

Siku hizi timu nyingi zina jedwali lao la ndani, ambamo namba za juu hazina bei kali namna hiyo. Mwenye namba 12 atatoa jedwali linalompendelea, nanyi toeni lenu.

Mambo mawili huharibu hesabu. La kwanza ni chaguo la mwakani. Kwa mazoea, raundi ya kwanza ya mwakani huhesabiwa kama raundi ya pili ya mwaka huu. Meneja anayeogopa kufukuzwa kazi hulipa hivyo kwa furaha, maana deni atalilipa mwingine. Lakini unapotoa chaguo lako la mwakani unaweka dau kwenye msimu wako mwenyewe. Mwaka 2023 Carolina Panthers walipanda kutoka namba 9 hadi namba 1 kumchukua Bryce Young. Waliwapa Chicago Bears namba 9, namba 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025, na juu ya hayo mpokeaji DJ Moore. Carolina wakashinda mechi 2 tu kati ya 17, na lile chaguo la 2024 likageuka kuwa namba 1 ya drafti nzima. Bears wakamchukua Caleb Williams kwa tiketi ya mwenzao.

La pili, kama mfano huo unavyoonyesha, ni kwotabeki. Akitajwa yeye, jedwali hufungwa na mnada hufunguliwa.

Watafiti Cade Massey na Richard Thaler waliwalinganisha wachezaji wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana. Aliyetangulia alimzidi aliyemfuata kwa takriban asilimia 52 ya mara, yaani zaidi kidogo tu ya kurusha shilingi. Kwa hiyo kupanda ngazi nane kwa sababu tu “tunampenda yule” ni anasa. Kunaleta maana hali mbili zikikutana: mtu huyo ni wa mwisho katika daraja lake, na kuna timu kati ya 12 na 20 inayomhitaji kweli. Angalieni mikataba ya timu hizo saba kwanza. Isipokuwepo hata moja, kaeni mlipo.

SWALI: Mpokeaji tunayemtaka alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.33 chuoni kwake. Je, tuamini?

JIBU: Aminini nusu. Yadi 40 ni kama mita 36.6. Kwenye Kombaini ya Indianapolis, majaribio ya pamoja ya wanaosubiri drafti, mwezi Februari au Machi, mwisho wa mbio hupimwa kwa mwale wa umeme. Kwenye majaribio ya chuoni wasaka vipaji hushika saa mkononi, na kidole huchelewa kubonyeza mwanzoni kuliko mwishoni, kwa sababu mwanzo unamshtukiza mtu ilhali mwisho anauona ukija. Ndiyo maana saa za chuoni huwa tamu. Ongezeni sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kumlinganisha na waliokimbia Indianapolis.

Kisha ulizeni uzito. Rekodi ya Kombaini ni 4.21 ya Xavier Worthy mwaka 2024, naye alikuwa na pauni 165, kama kilo 75. Mchezaji wa kilo 100 akikimbia 4.45 amefanya kazi kubwa zaidi. Wapo pia wanaopungua kwa ajili ya siku hiyo moja, kisha wanarudisha uzito kabla ya msimu. Linganisheni na uzito aliochezea chuoni. Kwa wanaocheza karibu na mstari, wavamizi na matakoli, msiangalie yadi 40 kabisa. Angalieni yadi 10 za mwanzo, kwa sababu hawapati nafasi ya kukimbia zaidi ya hapo.

Kabla ya Worthy rekodi ilikuwa ya John Ross, 4.22, mwaka 2017. Cincinnati Bengals walimchagua wa tisa na hakufika walikotarajia. Tom Brady alikimbia 5.28 mwaka 2000, akasubiri hadi namba 199. Mbio huonyesha kama mtu ataweza kukimbia. Kama atajua pa kukimbilia, hilo liko kwenye mkanda wa mechi.

Mkono nao una ugomvi wake. Kwa takoli wengi hutaka angalau inchi 33, kuanzia bega hadi ncha ya kidole cha kati, kwa sababu anayemfikia mwenzake kwanza ndiye anayemsukuma. Will Campbell alipimwa inchi 32 na 5/8 Indianapolis mwaka 2025, chuoni kwake akapimwa 33. Mkono haukurefuka, aliyeshika futi alibadilika. New England Patriots walimchukua wa nne.

SWALI: Tulipoteza beki mkubwa Machi, jirani zetu pia. Wao wamepewa chaguo la ziada, sisi hatukupewa. Upendeleo?

JIBU: Hapana. Machaguo ya fidia huwekwa mwishoni mwa raundi ya 3 hadi ya 7, yasizidi 32 kwa ligi nzima na manne kwa timu. Hutolewa kwa aliyepoteza wachezaji huru wengi au wa thamani kuliko aliowasajili. Jichunguzeni kwa mambo mawili. Beki wenu mkataba uliisha, au mlimkata? Wa kukatwa hahesabiwi. Na je, mlisajili mchezaji huru wa bei kama yake? Basi huyo amemfuta. Ndiyo maana timu zenye mahesabu husubiri hadi wiki inayofuata drafti kusajili wakongwe: kuanzia hapo usajili haumfuti mtu.

SWALI: Drafti za kubuni, yaani utabiri wa waandishi, zote zilimweka kwotabeki Shedeur Sanders juu mwaka 2025, akaenda namba 144. Zina faida gani?

JIBU: Waandishi wanaozitunga hawana faili la daktari wala hawakai kwenye mahojiano, na hayo mawili humshusha mtu kimya kimya. Kombaini yenyewe ilianza kwa ajili ya vipimo vya hospitali, mbio zikaja kuwa burudani ya televisheni. Msihesabu nafasi aliyowekwa. Fuatilieni ziara: kila timu inaruhusiwa kuwaalika wachezaji 30 makao yake, na orodha hizo huvuja. Kwotabeki asiyealikwa na timu zinazohitaji kwotabeki amekwisha pewa jibu. Kumbukeni tu kwamba wengine hualikwa ili jirani ababaike.

SWALI: Muda ukiisha timu haijachagua inakuwaje?

JIBU: Haipotezi chaguo, inapitwa. Mwaka 2025 raundi ya 1 ilikuwa na dakika 10 kwa kila timu, ya 2 dakika 7, ya 3 hadi 6 dakika 5, ya 7 dakika 4. Mwaka 2003 Minnesota Vikings walikuwa wakijadili biashara ya namba 7, saa ikaisha. Jacksonville wakapita, Carolina wakapita, Vikings wakachagua wa tisa: Kevin Williams, aliyekuja kuwa miongoni mwa walinzi bora wa mstari wa kizazi chake. Uzembe ule ulilipwa, msiuige.

SWALI: Magazeti yaliipa timu yetu alama ya “A” kesho yake asubuhi. Tushangilie?

JIBU: Alama ya kesho yake inapima kama timu ilikubaliana na mwandishi. Mwaka 2021 San Francisco 49ers walitoa raundi za kwanza tatu na raundi ya tatu moja ili kupanda hadi namba 3 wamchukue Trey Lance. Alianza mechi nne, kisha Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Katikati ya hapo, kwa namba 262, ya mwisho kabisa ya drafti ya 2022, timu hiyo hiyo ilimchukua Brock Purdy, naye akaifikisha Super Bowl Februari 2024.

Mkitaka siku ya kutoa alama, tumieni ile ambayo timu zenyewe hulazimika kusema ukweli: mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wa tatu, zinapoamua kama zitamwongezea wa raundi ya kwanza mwaka wa tano, ambao siku hizi ni pesa za uhakika zote. Kwa waliochaguliwa 2024, siku hiyo ni Mei 2027.