Mwanangu, ziada ya Korea haikutosha kulipandisha soko

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza ilikuwaje mwaka 2024 Korea Kusini ikauza nje bidhaa za thamani ya takriban dola bilioni 683, ikabakiwa na ziada ya biashara, yaani mauzo ya nje kuuzidi uagizaji, ya karibu bilioni 52, ilhali KOSPI, kipimo cha soko la hisa la Seoul, kikashuka kwa zaidi ya asilimia 9.

Anayenunua hisa leo analipia faida anayoitarajia mwakani. Korea hutangaza mauzo ya mwezi uliopita siku ya kwanza ya mwezi mpya, mapema kuliko nchi nyingi za viwanda, ndiyo maana wawekezaji huzisubiri takwimu hizo kama mkulima anavyotazama wingu. Walichokiona mwaka ule ni kasi inayopungua: Julai mauzo yalikuwa yamekua kwa zaidi ya asilimia 13 yakilinganishwa na Julai iliyotangulia, lakini Novemba ukuaji haukufika asilimia 2. Tena Donald Trump alikuwa ameshinda uchaguzi akiahidi kupandisha ushuru, na tarehe 3 Desemba Rais Yoon Suk Yeol akatangaza utawala wa kijeshi, hofu ikazidi.

Ziada yenyewe nayo uichunguze imetoka wapi, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Juni 2023 Korea ilipata ziada baada ya miezi 15 mfululizo ya nakisi, yaani uagizaji kuyazidi mauzo, ingawa mauzo ya mwezi huo yalikuwa yamepungua. Uagizaji ulikuwa umepungua zaidi, kwa kuwa bei za mafuta na gesi zilikuwa zimeshuka. Ziada ya namna hiyo huipunguzia nchi haja ya dola, lakini haimaanishi kwamba viwanda vimepata kazi zaidi. Mwaka 2022 ilikuwa kinyume: mauzo yalivunja rekodi, lakini gharama ya nishati ikaleta nakisi kubwa kuliko zote za nyuma, na sarafu yao ikaporomoka hadi dola moja ikavuka won 1,400.

Umesema unataka kupeleka akiba yako huko. Nakuomba kwanza uyatazame mauzo ya chipu peke yake, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta, ambayo mwaka 2024 yalikuwa kama moja ya tano ya mauzo yote, kisha uyalinganishe na hisa ya Samsung, iliyoshuka kwa zaidi ya asilimia 30 mwaka huohuo hasa kwa sababu SK Hynix, kampuni nyingine ya chipu ya Korea, ilikuwa imeitangulia katika chipu za kumbukumbu za akili mnemba. Ukishafanya hivyo niandikie umeona nini, kabla hujatoa hata senti.

Baba yako