Jaji mstaafu akiomba umeya: niliyojifunza nikiishi Madrid

Kila uchaguzi ukikaribia, nyumbani hata huku ughaibuni, hapakosi jina la mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha hakimu. Na watu hulipokea kwa mikono miwili. Wanasiasa wametuchosha, na jaji tunamwona mtu asiyenunulika, anayesikiliza pande mbili kabla ya kufungua mdomo. Mimi nimeishi chini ya meya wa aina hiyo, Manuela Carmena wa Madrid, tangu Juni 2015 hadi Juni 2019, na mpaka leo namheshimu. Lakini ndugu yeyote akiniuliza ampe kura jaji mstaafu au asimpe, namwambia kwanza amuulize: ukishaingia ofisini, mimi mkazi wa kawaida nitapata njia gani ya kuamua jambo, na njia hiyo itabaki ukishaondoka?

Sifa za Carmena zilikuwa za kweli. Alikuwa wakili wa wafanyakazi enzi za Franco, dikteta wa Hispania, wakati kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Usiku wa Januari 24, 1977, watu wenye silaha wa mrengo mkali wa kulia waliingia katika ofisi ya mawakili hao mtaa wa Atocha na kuua watu watano. Yeye alikuwa mmoja wa waanzilishi, na alinusurika kwa sababu hakuwepo. Baadaye, akiwa hakimu, alipambana na chai iliyokuwa ikitolewa kwa watumishi wa mahakama za Madrid ili majalada yatembee. Alikuwa ameshastaafu alipokubali kugombea, na alichukua umeya akiwa na miaka 71. Kwenda kazini alipanda metro kama sisi. Wengi tulimpenda kwa hilo pekee.

Sasa, kupendwa hakumpi mtu umeya. Madrid haichagui meya moja kwa moja. Wananchi hupigia kura orodha za madiwani, kisha madiwani ndio humchagua meya. Mtanzania ataelewa mara moja, maana meya wetu naye huchaguliwa na madiwani wenzake. Mwaka 2015 baraza la jiji lilikuwa na viti 57. Chama cha kihafidhina, PP, kiliongoza kwa viti 21. Orodha ya Carmena, Ahora Madrid, ilipata 20. Wasoshalisti wa PSOE walipata 9, na chama cha mrengo wa kati kulia, Ciudadanos, 7. PSOE wakamuunga mkono. Jumlisha: 20 na 9 ni 29, nusu ya baraza na kitu kidogo, na kwa kiti hicho kimoja cha ziada jaji akawa meya. Kwa hiyo mgombea akikuambia atafanya hili na lile, muulize ana madiwani wangapi nyuma yake, na wale watakaomuunga mkono wanataka nini. Kwetu ongeza na swali la mkurugenzi. Mkurugenzi wa jiji Tanzania huteuliwa na Rais, na ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Meya anayeahidi barabara bila kumtaja mkurugenzi hajakueleza mambo yote.

Nakuja kwenye jambo ambalo mimi binafsi lilinigusa. Mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Hispania kwa kibali cha ukaazi hapigi kura ya serikali za mitaa. Wageni wasio wa Umoja wa Ulaya hupiga kura hiyo ikiwa tu nchi yao ina makubaliano maalumu na Hispania, na Afrika nzima mwenye makubaliano hayo ni Cabo Verde. Kwa hiyo jaji alichaguliwa bila mimi. Lakini Septemba 2015, miezi mitatu baada ya kuapishwa, jiji lilifungua tovuti ya Decide Madrid, na sharti la kushiriki likawa mambo mawili: uwe umetimiza miaka 16, na uwe umeandikishwa kwenye daftari la wakazi, wanaloliita padrón. Uraia haukuulizwa.

Usichukulie hili kuwa dogo. Kwa miaka kadhaa nililipa kodi ya nyumba, nikapanga foleni kwenye ofisi zao, nikasoma matangazo ya jiji ubaoni kama mtu anayesoma barua za jirani. Ghafla nikawa na neno kwenye fedha. Mwaka 2016 zilitengwa euro milioni 60 za bajeti shirikishi, na mwaka uliofuata zikapanda hadi milioni 100, sehemu kwa ajili ya jiji zima na sehemu kubwa zaidi kwa wilaya zake 21. Mkazi anaandika pendekezo, wengine wanaliunga mkono, wataalamu wa jiji wanapima gharama na kama sheria inaruhusu, kisha kura ya mwisho inapigwa: miradi ya jiji zima, na ya wilaya moja unayoichagua. Nilithibitisha akaunti yangu kwenye ofisi ya huduma ya jiji, Línea Madrid, nikawasaidia na majirani wazee wa mtaa wetu wa Lavapiés ambao mambo ya kompyuta yaliwashinda. Tulitaka miti na mabenchi. Tulibishana ngazini, tulibishana dukani, na kwa mara ya kwanza mabishano yale yalikuwa na mahali pa kwenda.

Hapo ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo kwa anayeishi ugenini: jiandikishe. Hispania mtu hujiandikisha padrón hata kama hana kibali, na karatasi ile ndiyo inayofungua shule ya mtoto, kadi ya hospitali, na baadaye ushahidi wa miaka uliyoishi pale unapoomba kibali. Asiye raia wa Ulaya na asiye na ukaazi wa kudumu anatakiwa kuhuisha uandikishaji wake kila baada ya miaka miwili, la sivyo jina linafutwa. Nimewaona watu waliopoteza ushahidi wa miaka yao kwa sababu hiyo, na inauma.

Lakini tuseme ukweli pia. Walioshiriki kura za bajeti hawakufika laki moja kwa mwaka, katika jiji lenye wakazi milioni 2.7 waliotimiza umri. Mlango ukiwa kwenye tovuti, asiye na intaneti, asiye na lugha, anayetoka kazini saa nne usiku, huyo anabaki nje. Mgombea akikuahidi ushirikishwaji, mwambie akuonyeshe meza, saa na mtu atakayekaa pale kukusaidia.

Mipaka ya meya niliiona wazi zaidi mwaka 2017. Serikali ya Carmena ilikuwa ikipunguza deni la jiji kwa kasi. Mpaka anaondoka lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo Wizara ya Fedha ya Hispania, chini ya waziri Cristóbal Montoro, ilishikilia kwamba jiji limevuka kiwango cha matumizi kinachoruhusiwa, ikaweka usimamizi kwenye hesabu zake. Desemba mwaka huo Carmena alimwondoa diwani wake wa fedha, Carlos Sánchez Mato, aliyekataa kupunguza matumizi. Mkono wa juu ulikuwa wa serikali kuu. Miezi michache baadaye, Machi 2018, mchuuzi kutoka Senegal alifariki Lavapiés na mtaa ukawaka kwa hasira. Wengi walimgeukia meya. Lakini sheria ya uhamiaji, ambayo ndiyo inamfanya mtu auze mitaani miaka na miaka bila karatasi, haiandikwi kwenye jumba la jiji. Kabla hujampa mtu kura, jua kipi kimo mkononi mwake. Polisi wa jiji wamo. Vibali vya ukaazi havimo.

Na kuna suala moja lililonishangaza kuliko yote, likanifanya niache kuamini kwamba joho la jaji linatosha. Novemba 30, 2018, jiji lilianzisha Madrid Central, eneo la katikati ambalo magari yanayochafua hewa yalizuiwa kuingia. Mimi nilifurahi, barabara zilipumua. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya mkoa wa Madrid ilibatilisha kanuni zile, na hewa safi haikuwa hoja. Sababu ilikuwa taratibu: miongoni mwa kasoro, hapakuwa na ripoti ya athari za kiuchumi iliyotakiwa na sheria. Kanuni zilizopitishwa chini ya meya aliyewahi kuwa jaji ziliangushwa na majaji kwa kukosa karatasi. Hukumu ya jaji inaandikwa na jaji. Kanuni ya jiji inapita kwa wanasheria, wahasibu, maofisa wa mazingira, madiwani, na mmoja akiruka hatua, jengo lote linayumba. Kwa hiyo waulizie watu wake. Nani atakuwa mwanasheria wa jiji? Nani atashika fedha?

Mwaka 2019 orodha yake mpya, Más Madrid, ilikuwa ya kwanza kwa viti 19. PSOE walipata 8. Jumla 27. Upande wa pili PP 15, Ciudadanos 11 na Vox, chama cha mrengo mkali wa kulia, 4 wakafika 30, na Juni 15 José Luis Martínez-Almeida wa PP akawa meya. Sánchez Mato naye alikuwa ameongoza orodha nyingine ya kushoto iliyokosa asilimia 5 zinazohitajika, ikaambulia patupu. Nililia siku ile, sioni aibu kusema.

Kisha nikaanza kuangalia kipi kimebaki. Mabaraza ya wakazi ya wilaya, yaliyoanza 2017, yalifutwa na utawala mpya. Decide Madrid ipo mpaka leo. Programu ya kompyuta inayoiendesha, Consul, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuchukua, na miji mingi ya Amerika ya Kusini iliuchukua. Ukarabati wa uwanja wa Plaza de España, ambao wakazi waliupigia kura Februari 2017, ulikamilika Novemba 2021, chini ya meya wa chama kingine. Kilichokuwa kimeshapigiwa kura na kuingia kwenye mkataba hakikuwa rahisi kukifuta.

Basi jaji akija mtaani kwako kuomba kura, mkutanoni mshike kwa maswali yanayojibika. Taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa wapi, na kila baada ya muda gani? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri za Tanzania hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, orodha ya waliopata itasomwa mbele ya nani? Kiasi gani cha bajeti wakazi watakipangia wenyewe? Andika majibu yake na tarehe, yapige picha, yatume kwenye kundi la mtaa. Na mwenyekiti wa mtaa awepo akisikia.