Jumla Ifichwe Kwanza: Kufundisha Ujumlishaji wa Vekta kwa Programu ya Uigaji

Kwa miaka kadhaa nilifundisha ujumlishaji wa vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, kwa chaki, rula ya mbao na kipimapembe cha ubaoni, na kila mwaka wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walirudia kosa lile lile. Niliwapa mfano wa mtumbwi unaovuka mto kwa mita 4 kwa sekunde huku mkondo ukiusukuma kwa mita 3 kwa sekunde. Walichora mishale miwili kutoka nukta moja, wakaunganisha ncha na ncha, wakauita mstari huo jibu. Urefu wake ni 5, sawasawa na wa jibu sahihi, kwa sababu pembe kati ya mishale hiyo ni mraba. Kwa hiyo kosa lilipita bila kuonekana mpaka nilipouliza mtumbwi unaelekea wapi.

Ndipo nilipoanza kutumia programu ya vekta ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani. Ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti.

Mara ya kwanza niliitumia vibaya. Niliionyesha kwa projekta, nikabofya jumla, mshale ukatokea, darasa zima likaitikia kwamba limeelewa, na katika jaribio la wiki iliyofuata kosa likarudi. Wanafunzi walikuwa wameona jibu, lakini hawakuwa wamelitafuta. Tangu hapo, mwalimu mwenzangu, jumla huwa naificha, na thamani zote pia. Kila wawili huchora kwanza kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 ikiwakilisha mita 1 kwa sekunde, huandika ukubwa na pembe walivyopima, kisha mmoja wao huja kwenye kompyuta kupima dai lao.

Katika programu hii mshale wa jumla hutokea kando, haujashikamana na mishale iliyouzaa, na mwanafunzi anaweza kuuburuta popote. Mimi naona hapo ndipo penye faida kubwa kuliko zote. Msichana mmoja aliuburuta autie kati ya ncha mbili, kama alivyochora, ukakataa: mstari wake ulilalia kushoto, mshale ulilalia kulia. Alinyamaza kidogo. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akauchukua mshale wa mkondo, akauweka mkia wake kwenye ncha ya mshale wa mtumbwi, na jumla ikaziba pembetatu barabara. Papo hapo akawa amejifunza pia kwamba vekta ikihamishwa bila kugeuzwa hubaki vekta ile ile, jambo ambalo nilikuwa nikilisema kila mwaka bila kuaminiwa.

Baada ya hapo nawaachia wageuze mshale mmoja kidogo kidogo huku urefu wa 3 na 4 ukibaki vile vile. Mishale ikielekea upande mmoja jumla ni 7. Ikiwa na nyuzi 60 kati yake ni kama 6.1; nyuzi 90 ni 5; nyuzi 120 ni kama 3.6, ikipingana kabisa ni 1. Kwa rula na penseli, kipindi kizima kingeisha kwa hali mbili au tatu tu, na mwanafunzi asingeona jumla ikipungua mfululizo.

Kompyuta moja inatosha, au kishikwambi cha mwalimu kikipitishwa kwa makundi. Pakua programu nyumbani na uijaribu kabla ya kipindi. Kuchora kwa mkono kusiachwe hata kidogo, kwa kuwa kwenye mtihani mwanafunzi atakuwa na penseli, rula na kipimapembe tu.

Nikibakiwa na dakika tano, naurudisha mshale wa mtumbwi 4 kulia na wa mkondo 3 juu, naongeza wa tatu, 4 kushoto na 3 chini, na kuwaomba waipange yote mkia kwa ncha. Pembetatu hufunga, mshale wa jumla hutoweka, na darasa huuliza umekwenda wapi. Swali hilo huwa silijibu siku hiyo. Ndilo ninaloanza nalo kipindi cha msawazo wa kani, yaani kani zinazofutana.