Kusomea Tiba ya Dharura

SWALI: Mheshimiwa daktari, ninakaribia kumaliza utarajali na ninatamani kubobea katika tiba ya dharura. Je, mafunzo hayo yapo hapa Tanzania?

JIBU: Yapo, ndugu msomaji. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya fani hiyo mwaka 2010, mwaka uleule Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua idara yake ya dharura, na masomo huchukua miaka 3. Jiandae kwa zamu za usiku: majeruhi wa bodaboda anapoletwa akikoroma, kinywa kimejaa damu, utatakiwa kuifyonza na kufungua njia ya hewa kabla ya kuushughulikia mguu uliovunjika, ingawa mguu ndio unaopigiwa kelele na ndugu zake. Kwa maoni yangu, kelele hizo ni ngumu kuzizoea kuliko kukesha.