Kwa Kijana wa Lamu Aliyeniuliza Kuhusu Besi

Juzi baada ya isha nilipata ujumbe kutoka Lamu. Ni kijana wa miaka 17, ana gitaa la besi aliloachiwa na binamu yake, na muziki wa roki umemkaa moyoni kama ulivyonikaa mimi. "Shikamoo dada," aliandika. "Video zako nimeziona zote. Nifanye nini nifike ulipo?" Ujumbe huo ulinikuta siku ambayo sitaisahau. Asubuhi yake bendi moja ya Poland ilikuwa imenilipa kwa kuwarekodia besi katika nyimbo zao sita, na pesa zilikuwa zimeshaingia M-Pesa. Nilikuwa barazani kwetu Maweni na mama, nikampa simu. Akaisoma ile tarakimu kwa sauti, polepole, kisha akanyamaza. Basi mdogo wangu, jibu lako litakuwa refu, maana njia yenyewe haikuwa fupi, na najua wanaoniuliza swali lako ni wengi.

Nianze palipouma. Mjomba wangu alipiga besi katika bendi za hoteli hapa Malindi tangu sijazaliwa: rumba, bango (muziki wa Pwani yetu), na nyimbo wanazoagiza watalii. Nilijifunza kwake, kwa gitaa lake, tukifuata kanda za bango la Mzee Ngala, na somo lake lilikuwa moja tu: mfuate mpiga ngoma, mengine yatakuja. Mgongo ulipomshinda nikashika nafasi yake, nina miaka 19. Msimu mzima, kuanzia Julai mpaka baada ya mwaka mpya, sikukosa usiku hata mmoja. Kisha jioni moja, wageni hawajashuka kula, kiongozi wa bendi akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unatosha, na kwamba msichana mwenye besi anawachanganya wageni. Nikabaki nimesimama na kebo mkononi. Muziki ukaanza. Mkono wa kushoto ukabonyeza noti zangu, wageni wakacheza, na hakuna aliyegeuka kuuliza besi imekwenda wapi. Hilo ndilo lililonikata, kuliko maneno ya yule bwana. Mpaka leo nikipita kwa tuktuk penye hoteli ile, kule Casuarina, hugeuza uso.

Masika yakaja, hoteli nyingi zikafunga kama zifanyavyo kila mwaka, nami nikaingia mtandaoni. Miaka miwili ya mwanzo haina hadithi. Nilipiga na metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo, nikarekodi, nikalala, nikaamka nikapiga tena.

Ila kuna siku moja ya miaka hiyo lazima niisimulie. Nilikuwa nimeshapandisha video zaidi ya 30 na watazamaji ni wale wale, ndugu na majirani. Binamu yangu akaja, akafungua video yangu kwa simu yake, akasema, "Dada, naona vidole tu. Sauti yako iko wapi?" Nikaichukua simu nikasikiliza. Kweli, sikuwapo. Nilikuwa nimefutwa tena, kama kule hotelini.

Sababu yake ni hii. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo kama kucha, haina uwezo wa kusukuma hewa kwa mwendo wa chini hivyo. Lakini uzi hautoi mtetemo mmoja. Juu ya 41 kuna 82, kuna 123, kuna 164, na kuendelea, na sikio la binadamu likizisikia hizo za juu hujijazia lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo msikilizaji wa simu utampata kwa ngazi za juu, na roki ilishatupa njia ya kuzitoa: sauti ya kukwaruza. Lemmy, mwimbaji na mpiga besi wa bendi ya Motörhead ya Uingereza, alikuwa akipitisha besi yake ya Rickenbacker kwenye amplifaya za Marshall, akaisukuma mpaka ikanguruma kama gitaa la kawaida. Mimi hugawa sauti mara mbili ndani ya laptopu. Moja naiacha safi, chini kabisa, ya mwenye spika kubwa au hedifoni. Ya pili naikata chini, naikwaruza, ya mwenye simu. Halafu nazichanganya. Video ya kwanza niliyofanya hivyo ndiyo iliyotoka nje ya Malindi.

Usidhani basi kwamba utaishi kwa video. YouTube kwa kawaida haianzi kukugawia pesa za matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na ukipiga wimbo wa bendi nyingine, wenye haki ya wimbo huo wanaweza kuchukua mapato yake. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ya wimbo wa watu, na sijala hata shilingi yake. Sina kinyongo, wimbo ni wao. Lakini ninyi mnaohesabu wafuasi usiku kucha, kisha mnaniandikia kuniomba niwasambazie, nawaambia wazi: mnahesabu kitu kisicholisha. Video ni kibao cha dukani. Duka lenyewe ni kazi ya kuwarekodia watu nyimbo zao.

Na duka hilo karibu nilifunge siku lilipofunguka. Kazi yangu ya kwanza ilitoka Ujerumani, mtayarishaji aliyeniona akiwa na wimbo mmoja mzito wa polepole unaokaa kwenye noti ya G. Nikaurekodi usiku kucha, nikautuma kwa fahari. Akajibu kwa mistari miwili kwamba kuna mngurumo chini ya besi, hawezi kuutumia. Hakunilipa, na hakuniandikia tena. Nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma, sikuusikia. Alinionyesha mjomba. "Acha kupiga," akasema, "shika nyuzi, sikiliza kimya." Hapo nikausikia. Stima yetu Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Noti ya G, freti ya tatu (kile chuma cha tatu shingoni mwa gitaa) ya uzi mnene, ni mitetemo 49 kwa sekunde. Mngurumo wa umeme ulikuwa umejificha ndani ya noti niliyokuwa nikiipiga wimbo mzima. Ulikuwa ukiingia kupitia chaja ya laptopu na pikapu, vile vinasa sauti vya sumaku na waya, za lile gitaa la zamani. Tangu siku hiyo kabla ya kurekodi nachomoa chaja, nafanya kazi kwa betri, nageuka na gitaa pembe hii na ile mpaka kimya kiwe kimya. Kazi ile iliniuma miezi. Bado inaniuma kidogo, kwa sababu nilipiga vizuri sana.

Nakueleza haya yote ili usikie jambo moja, na nitalirudia hata ukichoka. Wanaolipa hawatafuti fundi wa vidole. Vidole vya kasi vimejaa mtandaoni. Ile bendi ya Poland haikuniita kwa sababu ya kasi. Mpiga ngoma wao aliniambia kwamba kabla yangu walimpa kazi mtu hodari kuliko mimi, naye akachelewa wiki tatu, kisha akatuma faili ambalo halikuanzia mwanzo wa wimbo, wakahangaika kulipanga. Mimi faili langu huanzia sekunde ya sifuri hata kama besi inaingia katikati. Natuma WAV ya biti 24, yaani faili la sauti lisilobanwa, moja safi kama ilivyotoka kwenye gitaa na moja yenye sauti ya amplifaya, jina la wimbo na mwendo wake vimeandikwa. Nikisema Alhamisi, wanaipata Jumatano. Stima ikikatika naenda mtaa wa Barani kwa rafiki yangu mwenye sola. Nikiwa na homa nawaandikia mapema. Vijana wenzangu, uaminifu hauhitaji kipaji, na ndio unaokosekana. Nimekosa usingizi kwa ajili ya uaminifu kuliko kwa ajili ya muziki.

Tena sisi wa besi tuna bahati ambayo waimbaji hawana. Besi huingia kwenye laptopu kwa kebo. Jogoo wa jirani awike, pikipiki ipite, watoto wapigane uani, hakuna kinachoingia kwenye rekodi. Usingoje studio.

Nyuzi, kwa kuwa uko Lamu: chumvi ya bahari itazila. Zangu zinanijia na basi kutoka Mombasa na si za bei rahisi, kwa hiyo baada ya kupiga nazifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, juu na chini, na gitaa halilali dirishani. Pesa za nje mimi hupokea kwa PayPal kisha nazihamishia M-Pesa. Hayo utayajua njiani.

Sasa fanya hivi. Weka metronomu mapigo 70 kwa dakika. Chomoa chaja. Piga G moja, ile ya freti ya tatu, kila pigo, dakika tatu, bila kupamba chochote, kisha uache sekunde kumi za kimya umeshika nyuzi. Nitumie faili lenyewe, si video. Ijumaa mchana nakwenda kwa mjomba kumbadilishia nyuzi, maana vidole vyake siku hizi vinatetemeka. Tutakusikiliza pamoja.